Koki Ilikuwa Upande Wako

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu, ila ujue hata hapa nilipo macho yangu yako chini, kama nilivyokuwa nasimama kwenye korido kila asubuhi, nakohoa kwanza ndipo naamkia, ili ujue ni mimi na si mtoto wa jirani. Barua hii najua hutaisoma mwenyewe. Utasomewa, na atakayekusomea atakuwa na watu pembeni wanaosikiliza. Nimeliwaza sana jambo hilo, mwisho nikaona basi, niiandike iwe ya wazi. Sisi wawili tumeshasemwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo. Acha wasikie na kwa aliyekuwepo.

Kwanza nikupe habari ya chumba chako. Kimekauka. Ule ukuta uliokuwa unalala karibu nao nimeubomoa sehemu ya chini, tofali zote zilizolowa nimezitoa, fundi amejenga upya kwa saruji. Bomba halipiti tena ndani ya ukuta. Linapita nje, wazi, hata kuku wanalikalia. Na koki nimeihamisha, iko nje karibu na mlango, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifunga, awe mwanamke, awe mkwe, awe mpita njia tu.

Humo hakuna anayelala. Binti yako Kabula anafagia kila Jumamosi, anafungua dirisha, anakaa kidogo, anafunga. Mimi sijaingia tangu fundi alipomaliza. Nafika mpaka mlangoni, miguu inagoma. Hakuna mtu mle ndani, mama, na bado siwezi. Nyumba nimeijenga mwenyewe, kila tofali nalijua, lakini chumba hicho kimoja kinanifungia nje, na mimi nazunguka zunguka hapa uani kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo.

Ule ugonjwa ulipokuchukua upande wa kushoto, mwanao mkubwa Masele alikuwa kwenye maduara ya dhahabu huko Geita, anashuka chini ya ardhi na tochi kichwani, hana nyumba ya kumweka mama. Mdogo wake naye ni hivyo hivyo. Hospitali ya karibu ilikuwa hapa Kahama. Ikabidi uletwe hapa Nyahanga kwa binti yako, maana yake kwangu, na kila mtu alijua kwamba si hivyo inavyotakiwa. Mama hakai kwa mkwe wake. Wewe ulilijua kuliko sisi wote. Kabula aliniambia kwamba bajaji ilipofika getini ulikataa kushuka mpaka uhakikishiwe kwamba mimi sipo.

Nilikuwepo, mama. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya choo kama mwizi wa kuku, nasubiri upite.

Vijana wa mjini wakisoma hapa watashangaa, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka njia zao hazikutani. Simpi mkono. Siketi alipoketi. Sioni anapolala. Nikimwona kwa mbali njiani, mmoja wetu anaingia majanini. Miaka yote tangu nimuoe Kabula, uso wako sijawahi kuutazama sawasawa. Nikiulizwa unafananaje, nitasema una kanga na una sauti.

Na mambo ya kuoga ndiyo usiseme kabisa. Bafu moja na mama mkwe haiwezekani. Kwa hiyo nikaongeza chumba nyuma ya nyumba, chini kidogo ya korido kwa sababu kiwanja chetu kinateremka, nikakuwekea na kabafu kako humo humo ndani. Nikasimamisha tanki juu ya mnara wa mbao, bomba likashuka, likapita ndani ya ukuta ulio kati ya chumba chako na banda langu la baiskeli, likaingia bafuni. Fundi bomba akaniuliza koki ya kufungia maji aiweke wapi. Nikamwambia ndani, bafuni kwake. Akasema mzee, koki inawekwa mahali pa kufikika. Nikamjibu kwamba mimi nitakuwaje mwenye mamlaka ya kufungua na kufunga maji ya kuoga ya mama mkwe wangu? Akanitazama, akatikisa kichwa, akaiweka alipoambiwa. Njia nzima, kutoka tanki mpaka bafuni, koki ilikuwa hiyo moja tu, na ilikuwa upande wako. Mimi nilijiona nimefanya heshima kubwa.

Tukaanza kuishi hivyo. Wewe ndani, mimi nje, ukuta katikati. Siku jumuiya yetu ya mtaani ilipokuja kusali chumbani kwako, mimi mwenye nyumba nilisali nikiwa korido, naitikia kupitia mlango uliorudishwa. Wenzangu walipopeana mikono ya amani mle ndani, mimi nikaushika ukuta. Mama Doto, jirani yetu, alicheka mpaka akatoka nje.

Ule mvujo wa kwanza unaukumbuka. Jioni nalijaza tanki, asubuhi nakuta nusu, na Kabula anaapa kwamba hakufua wala hukuoga. Nikaanza kumshuku Kabula, nikawashuku watoto wa Mama Doto, nikafikia kulishuku hata tanki lenyewe. Halafu kwenye banda langu, ukutani, plasta ikaanza kuvimba kama andazi, na sisimizi wakajenga njia yao hapo. Nikajua maji yako ndani ya ukuta. Nikasema nimwite fundi aingilie upande wako. Ukamtuma Kabula aje kuniambia kwamba mwanaume mgeni hataingia unapolala ukiwa huwezi hata kuinuka na kukaa.

Basi nikakaa bandani mbele ya ukuta ule, nina nyundo na tindo, sijui nitoboe wapi. Nikawa nasema peke yangu, maana ndiyo tabia yangu, Kabula amenizoea. Nikasema mimi ni fundi baiskeli, pancha naitafuta kwa maji: unajaza tyubu upepo, unaizamisha kwenye beseni, povu linakuonyesha. Sasa maji yenyewe ndiyo yamepata pancha, nitayazamisha kwenye nini?

Ukacheka. Nilishtuka mpaka tindo likaanguka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chako, na kilikuwa cha msichana kabisa.

Ukasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama tunaongea kila siku, "Mimi naisikia."

"Unaisikia wapi, mama?"

"Huku kwangu. Redio ikizimwa inanong'ona. Nimekaa nayo siku nyingi, nikadhani ni masikio yangu yanazeeka."

Tukapatana. Mimi nitagonga ukuta polepole na tindo, na wewe utaweka sikio upande wako, utanijibu kwa kile kijiko chako cha uji. Ukigonga mara mbili, maana yake sogea, bado sijafika. Ukigonga mara moja, maana yake ni hapo hapo. Nikagonga, ukanijibu mara mbili. Nikasogea. Mara mbili. Nikapita mpaka kwenye kona karibu na sakafu, nikawa nimelala kifudifudi kwenye spoku na mnyororo, shati lote mafuta, na nadhani na wewe ulikuwa umejivuta mpaka mwisho wa godoro. Nikagonga. Halafu ukagonga mara moja.

Nikatoboa. Plasta, tofali, udongo uliolowa, na hapo hapo kwenye ile kona bomba linapopinda nikaliona. Elbo, kile kiungo cha kona, imeliwa na kutu, inatoka jasho jembamba, haikomi.

"Umepaona?" ukauliza.

"Nimepaona, mama. Bomba linatoka jasho."

"Hata wewe ungekaa ndani ya ukuta mwaka mzima ungetoka jasho."

Sikucheka hapo. Nilijua unasema bomba, na nilijua husemi bomba tu. Nikakata tyubu kuukuu vipande vyembamba, nikavuta, nikafunga, nikavuta, nikafunga, mpaka ikakauka. Plasta sikurudishia. Nikaziba lile tundu na kipande cha gunia ili niwe nakagua, na Mungu ananiona, kukagua kulikuwa kweli, lakini kulikuwa pia na kwamba sauti yako ilipita vizuri zaidi pale.

Zile ndizo alasiri nzuri za nyumba hii. Mimi nanyoosha rimu, wewe unanisimulia ng'ombe wa baba yako kwa majina yao, yule aliyekuwa anafungua mlango kwa pembe, yule aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Unaniuliza mteja aliyetoka sasa hivi ni nani, amelipa au ametoa maneno. Siku moja uliniambia kwamba humo ndani huhitaji saa, kwamba jua likiingia dirishani linatembea ukutani mpaka kwenye msumari wa kalenda, na likiuvuka ule msumari unajua Kabula yuko njiani anarudi. Nikauliza, na siku za mawingu? Ukasema siku za mawingu Kabula harudi, mpaka umwone. Jioni tulisali rozari, wewe nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili, na yule anayepita barabarani alidhani fundi baiskeli anasali na tofali.

Tyubu ilishika upande wangu. Upande wako, nyuma ya ile elbo, mahali ambapo mkono wangu haukufika, kutu iliendelea na kazi yake, na maji yakawa yananywewa na udongo polepole. Tofali zetu ni za kuchoma lakini zilijengwa kwa udongo, kama nyumba nyingi za hapa. Udongo ukishalowa haukuambii.

Siku ile ya msiba wa mzee wa nyumba ya mwisho mtaani, Kabula alikwenda kupika. Mimi nilibaki bandani, na kazi niliyoachiwa ilikuwa moja: nisikilize, ukigonga, nimwite Mama Doto aje kwako. Sikujua kwamba Mama Doto naye ameona aende akazike mara moja, atarudi. Mtaa mzima ulikuwa makaburini. Hata maduka yalifungwa.

Nikasikia mlio kama mtu amevunja muwa. Halafu maji, lakini si kunong'ona tena.

Nilikuja korido mbio. Yalikuwa yanatokea chini ya mlango wako kidogo tu, kwa sababu chumba kiko chini, yanajaa kwanza ndani ndipo yatoke. Nikakumbuka waya wa redio yako uko sakafuni. Nikakimbia nikazima umeme wote. Redio ikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia maji yanavyoingia, na nikakusikia unapumua.

Nikatoka barabarani nikaita. Nikaita wanawake kwa majina, nikaita wanaume, nikaita yeyote. Akanijibu mbwa. Nikarudi. Nikalitazama tanki, limejaa, nimelijaza mwenyewe asubuhi. Koki iko bafuni kwako. Nimesimama mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, na mkono haugeuki. Nilimwomba Mungu amlete mwanamke mmoja, yeyote, hata mtoto wa kike anayepita na dumu la maji. Hakumleta.

Nikasema, "Mama, naomba ruhusa niingie."

Ukasema, "Usiingie."

"Mama, maji yamefika wapi?"

"Mgongoni."

Ukauliza Kabula yuko wapi, nikakwambia yuko msibani. Ukauliza Mama Doto, nikakwambia na yeye. Ukasema basi tusubiri kidogo. Tukasubiri, mimi paji la uso liko kwenye mbao za mlango, machozi yananitoka, wewe umelala kwenye maji na huwezi hata kugeuka. Halafu kipande cha ukuta kikaanguka. Nilikisikia kinavyoanguka ndani ya maji, kizito. Najua na wewe ulikisikia, maana kilikuwa upande wa kichwa chako.

Nikasikia kitambaa kinavutwa.

"Baba Limi."

"Naam, mama."

"Mkweo ametoka. Ameenda msibani na wenzake. Humu amebaki mgonjwa tu. Ingia umchukue."

Nikaingia. Ulikuwa umejifunika kitenge kuanzia utosini mpaka vidoleni, umekibana kwa ule mkono mmoja wenye nguvu. Sikuona chochote, mama, na namwambia hivyo kila atakayesomewa hapa: niliona kitenge cha maua ya njano. Nikainama nikachukua mzigo wangu. Ulikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Chini ya kitambaa ulikuwa unasema Salamu Maria, na mimi nikaitikia, tukatoka hivyo hivyo, nikakulaza bandani juu ya magunia, kati ya baiskeli ya mwalimu na ile ya muuza maziwa. Nikarudi nikafunga koki. Niliporudi tena nimekupa mgongo, nikasikia kitenge kinasema, "Huyu mgonjwa wako ana njaa."

Nikakukorogea uji. Nikausukuma karibu na mkono wako, nikaugeukia ukuta mpaka uliposema umemaliza.

Na ingeishia hapo, kama Mama Doto asingerudi. Aliingia getini, akaona mtu mrefu amefunikwa gubigubi kwenye banda na mimi nimeketi pembeni nimeshika kichwa. Hakuuliza. Alipiga yowe ambalo huko makaburini walilisikia. Watu wakatoka kuzika wakaja kwetu mbio, wanawake wameshafunga kanga viunoni, Kabula mbele yao hana hata kiatu. Msiba ukahamia nyumbani kwangu. Hapo ndipo ulipofunua mdomo tu, mdomo peke yake, ukasema, "Sijafa. Nimelowa."

Watu walicheka sana siku ile. Baadaye walipoacha kucheka wakaanza kuuliza nani alikubeba.

Masele hakuja na ugomvi. Nataka hili lisikike hapo kwake. Alikuja na gari la kukodi kukuchukua, alikuwa ameshajenga Buseresere, amepata chochote kidogo huko chini. Akaniita pembeni, akasema, "Shemeji, mikono yako naishukuru. Lakini watu wananiuliza mama yangu alibebwa na nani, na mimi nilikuwa wapi. Hilo la pili ndilo linaloniua." Ningekuwa mimi ningefanya kama yeye.

Siku mlipoondoka nilikaa bandani kama inavyotakiwa. Nilisikia wanavyohangaika na godoro, nikasikia Kabula analia, nikaweka sikio kwenye ule ukuta uliobaki, nikasubiri ugonge. Hukugonga. Baadaye nikaelewa kwamba walikuwa wameshakupakia kwenye gari, na mimi nilikuwa nasikiliza chumba kitupu.

Tangu hapo, mama, sijui nikwambieje. Nilikwenda kwa padre nikamweleza yote. Akaniuliza, dhambi iko wapi hapo? Nikasema ndicho nilichokuja kuuliza. Akanibariki akaniambia niende kwa amani. Lakini padre hatakwenda kukaa na wazee wa ukoo wenu. Wazee wanataka kondoo achinjwe, tule pamoja, heshima irudi mahali pake, na mpaka hapo mguu wangu usikanyage uwanja wa Masele. Kondoo ninaye, yuko nyuma ya banda anakula maganda ya viazi, ameshazoea jina. Maneno ya kuwaambia waliotangulia nitawaachia wazee waseme, mimi nitasema Baba Yetu, na nyama tutakula wote. Lakini wazee hawakai bila Masele, na Masele amerudi maduarani, na mkewe anasema atatoka siku atakayotoka. Nikipiga simu inapokelewa kwa adabu, nasalimiwa vizuri, naambiwa mama amelala. Kila saa ninayopiga umelala.

Kabula naye yuko katikati. Hawezi kuniambia nilikosea, maana nilimwokoa mama yake. Hawezi kuniambia nilifanya sawa, maana ni kaka yake anayesemwa. Tunakula tumenyamaza. Mteja akiingia bandani anakuta nimeacha kazi, naangalia ukuta mpya wa saruji ambao hata mtu akipiga kelele upande wa pili husikii kitu. Fundi alijisifu kwa hilo.

Jumapili iliyopita Kabula alirudi kutoka kukutazama. Nilimngoja atue mzigo, nikamngoja anywe maji, nikauliza. Akasema unakula kidogo. Akasema chumba chako ni kizuri, kina vigae, dirisha liko juu sana, jua haliingii, na ukuta wa nyuma unapakana na barabara ya kwenda sokoni. Halafu akashusha sauti. Akasema mke wa Masele ana wasiwasi kwamba ugonjwa umepanda kichwani, kwa sababu una kijiko chako cha uji hutaki kukiachia, na mchana unagonga nacho ukuta. Kule hakuna bomba ukutani. Hakuna maji. Unagonga tu.

Nikamuuliza anagonga vipi.

Kabula akanishangaa. Akasema, "Mara mbili. Anatulia kama anasikiliza. Halafu mara mbili tena."

Nilitoka nikaenda bandani nikalia huko, kwa sababu Kabula hajui, na mke wa Masele hajui, na hao wanaokusikiliza sasa hivi walikuwa hawajui mpaka barua hii. Mara mbili ni sogea. Unaniambia bado sijafika.

Nimekusikia, mama. Uwanja wa Masele sitaukanyaga, naiheshimu nyumba yake. Lakini barabara ya sokoni ni ya watu wote, na ukuta haujawahi kukatazwa. Kondoo namwacha kwa Mama Doto asubiri wazee. Mimi Alhamisi napanda basi la asubuhi na begi langu la spana, nitakaa hapo barabarani nyuma ya chumba chako kama fundi baiskeli yeyote anayetafuta wateja. Kabula nimemwambia naenda kutafuta kazi. Akisikia barua hii atajua ni kazi gani.

Jua likielekea kushuka nitaanza na tindo kwenye kona, karibu na ardhi, polepole kama siku ile. Ukinijibu mara mbili nitasogea. Nitazunguka ukuta wote, sina haraka, na rozari iko mfukoni, nusu yangu nimeishika. Utakapogonga mara moja nitakaa hapo hapo.

Wabeja, mayu. Asante kwa yote, mama.

Mkweo wa ng'ambo ya ukuta,
Baba Limi